Shajara ya mradi: cheti cha msitu kwa wenye hekta chache

Wiki ya 1

Naanza kuandika toka siku ya kwanza kabisa, sababu mradi uliopita sikuandika kitu na tulipomaliza kila mtu alikuwa anakumbuka yale mazuri tu, makosa yote yamepotea na hamna aliyejifunza.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna wenye misitu 31, wa chini kabisa ana nusu hekta na mwenye kubwa ana hekta 46, wanataka cheti cha usimamizi endelevu wa msitu. Mmoja mmoja hawawezi, na sababu siyo kwamba misitu yao mibaya, ni hesabu tu. Mkaguzi akija anasafiri, analala, anasoma mafaili, anatembea, anaandika ripoti, na gharama hiyo haitofautiani sana awe anakagua hekta 3 au hekta 3,000. Ukiigawa kwa hekta 3,000 hata huioni, ukiigawa kwa hekta 3 inameza mbao zote. Kwaiyo tunaenda kwa njia ya kikundi: cheti kimoja, ofisi moja ya kikundi inayowajibika, wanachama wengi chini yake.

Tumechagua FSC (Forest Stewardship Council, mfumo wa kimataifa wa cheti cha misitu), kwa sababu moja tu: mnunuzi aliyeonyesha nia anaitaka. Mifumo mikubwa duniani ni miwili. FSC ilianzishwa 1993, mwaka mmoja baada ya mkutano wa dunia wa mazingira wa Rio ambako serikali zilishindwa kukubaliana mkataba wa misitu wenye nguvu ya sheria. PEFC, mfumo wa pili, ikaja 1999, na waliokuwa mbele kuianzisha ni wenye misitu ya familia kule Ulaya walioona mfumo wa kwanza umekatwa kwa vipimo vya wakubwa. Hilo lalamiko la 1999 ndo lalamiko ninalolisikia hapa mpaka leo.

Wiki ya 3

Mkutano wa kwanza. Nilijiandaa na maelezo marefu kuhusu kanuni 10 za FSC, sheria za nchi, haki za wafanyakazi, haki za jamii, uhifadhi, ufuatiliaji na kuendelea. Nikafika kanuni ya nne mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, huu msitu aliupanda baba yangu, mimi nimeuvuna mara mbili na bado umesimama. Sasa huyo anayekuja na kalamu ananithibitishia nini mimi?"

Nikamjibu vibaya. Nikarudi kwenye kanuni, nikaanza kusoma. Watu wakawa wanaangalia simu zao.

Usiku ndo jibu likanijia, na kesho yake nikampigia. Nikamwambia mzee wangu, mkaguzi haji kukuthibitishia wewe, wewe unaujua msitu wako kuliko yeye atakavyoujua maisha yake yote. Anamthibitishia mtu aliyeko mbali sana ambaye ananunua meza na hajawahi kukuona na hatokuona. Akanyamaza kidogo akasema basi ungesema hivyo jana.

Wiki ya 5

Tunachambua nani anaingia na nani haingii. FSC wana kundi lao la misitu midogo au yenye uvunaji mdogo, na ukiwa humo ukaguzi unakuwa mwepesi. Mdogo maana yake hekta 100 kushuka chini, ingawa standadi ya nchi (vigezo vya FSC vya nchi husika) inaweza kupandisha mpaka 1,000. Uvunaji mdogo ni pale unapokata chini ya asilimia 20 ya kile msitu unachokua kwa mwaka, na mita za ujazo zisivuke 5,000 kwa mwaka. Wetu wote wanaingia kwa udogo, hapo hamna shida.

Shida ipo kwenye tarehe. Mwanachama mmoja alifyeka msitu wa asili miaka michache tu iliyopita akapanda miti ya mbao, na alifanya hivyo kwa nia nzuri kabisa akijua anaongeza miti. Zamani mstari wa FSC ulikuwa Novemba 1994, ukibadilisha msitu wa asili kuwa wa kupandwa baada ya hapo uko nje. Toka 2023 kanuni zimebadilika, waliobadilisha kati ya hapo na mwisho wa 2020 wana njia ya kuingia ila kwa masharti ya kurekebisha madhara. Baada ya 31 Desemba 2020 mlango umefungwa, ukiacha kipande kidogo sana chenye faida ya wazi kwa uhifadhi na kwa jamii. Yeye alifyeka baada ya hapo na siyo kipande kidogo. Nilienda kumwambia mwenyewe ana kwa ana, sikutaka apate habari kwa ujumbe wa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mtoto wake anaweza kuingia na lile eneo lake lingine la bondeni, nikasema tutalipima. Tumebaki 30.

Jambo lingine lililotula siku nne: karatasi za umiliki. Kuna mama ambaye msitu bado uko kwa jina la marehemu mumewe, na kuna ndugu watatu warithi ambao wawili wako mbali na hawapokei simu. Bila kuonyesha una haki ya kisheria ya kusimamia hilo eneo huwezi hata kuanza, hiyo ni kanuni ya kwanza. Mama tumemsaidia kufungua faili la mirathi. Hao ndugu tumewaacha waongee wenyewe kwanza.

Wiki ya 8

Ramani. Nilidhani ni wiki moja, imekuwa tatu.

GPS ya simu chini ya majani mazito inayumba, unasimama sehemu moja na kile kidoti kinatembea peke yake mita 10, mita 15. Tulizunguka mipaka mara moja tukarudi ofisini tukakuta maeneo ya majirani wawili yamepandana kama mikeka. Ikabidi turudi, safari hii mwenye eneo na jirani yake wote wawepo, na kila kona tunasimama dakika kadhaa kifaa kitulie ndo tunarekodi. Kwenye kona moja hao wawili walibishana kama robo saa, mpaka mmoja akafukua majani chini akatoa jiwe la mpaka alilokuwa anaonyeshwa na babu yake. Jiwe lipo, lina alama. Hamna setelaiti ingetupa hiyo.

Kitu cha kujua kwa wenzangu mnaofanya kazi kama hii: ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji misitu inataka mahali mbao zilipotoka pajulikane, eneo likizidi hekta 4 unatakiwa uchore mpaka mzima, likiwa chini ya hapo kidoti kimoja kinatosha. Na mstari wake wa tarehe ni huohuo, mbao zisitoke eneo lililofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Sisi tumechora mipaka ya wote hata mwenye nusu hekta, sababu tumeshafika pale msituni na buti zimeshalowa, kurudi tena mwakani kwa ajili ya mnunuzi mwingine itakuwa kazi mara mbili.

Wiki ya 12

Hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote mpaka sasa. Kupima.

Swali kubwa la cheti ni moja: unavyokata na msitu unavyokua, kipi kinakimbia zaidi? Hauwezi kujibu bila kujua una nini. Wataalamu wana vifaa vya kila aina ila sisi tumetumia kamba. Unachukua kamba isiyovutika unafunga fundo kwenye mita 5.64. Mmoja anashika ncha katikati, mwingine anazunguka na fundo, na kila mti ambao katikati ya shina lake iko ndani ya duara unahesabiwa. Duara hilo ni mita za mraba 100, kwaiyo ukihesabu miti 9 una miti 900 kwa hekta, unazidisha kwa 100 tu, hata asiyependa hesabu anaweza. Alafu kila mti unaupima unene kwenye kimo cha mita 1.3 toka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kwenye mteremko kamba lazima ishikwe imelala sawasawa kama maji kwenye beseni, usifuate ardhi, la sivyo duara lako linakuwa dogo kuliko unavyodhani. Hili tulilikosea siku ya kwanza tukarudia maduara 11.

Mama wa mteremkoni (ndo ninavyomwita humu, eneo lake lote liko ubavuni mwa kilima) alituambia kabla hatujapima kwamba miti ya chini inanenepa haraka na ya juu imedumaa, na kwamba yeye huwa anapunguza ile ya chini kila baada ya miaka michache ili inayobaki ipate mwanga, ya juu haigusi. Tukapima maduara 8. Namba zikasema kilekile. Nilimwonyesha karatasi akacheka akasema sasa mmeamini. Ila alichosema baada ya hapo nimekiandika neno kwa neno: "Nilikuwa najua ni mingi, sikuwa najua ni mingapi."

Toka siku hiyo kila mwenye msitu anapima mwenyewe, sisi tunashika ncha ya kamba tu.

Wiki ya 17

Mipango ya usimamizi imekamilika yote 30. Tumekaa ofisini wiki mbili tukaandika, kila mmoja kurasa 14, ramani ya rangi mbele, jedwali nyuma. Ziko kwenye mafaili ya kijani. Nimechoka ila nimefurahi.

Wiki ya 21

Nasoma nilichoandika wiki ya 17 na naumia.

Tulimwomba mwenzetu wa mradi mwingine aje afanye ukaguzi wa ndani, ajifanye ndo mkaguzi mwenyewe, asituonee haya. Akaanza kwa mama wa mteremkoni. Akamuuliza, mama, mpango wako unasemaje kuhusu kijito kile? Mama akaniangalia mimi. Akarudia, mama akasema labda ofisini wanajua.

Sasa mimi najua kwamba huyu mama hajakata mti hata mmoja kando ya kile kijito kwa miaka mingi sana, alishatuambia mwenyewe kwamba kingo zilimomonyoka zamani wakati wakwe zake walipokata mpaka majini, na toka siku hiyo akaweka mwiko. Uhifadhi anao mkononi. Ila kwenye faili la kijani tuliandika "ukanda wa ulinzi wa mkondo wa maji wenye upana wa mita 10", na yeye hakuwahi kusoma sentensi hiyo, na hata angesoma asingejua kwamba inamsema yeye.

Tuliwaandikia. Hatukuandika nao. Kati ya watu 7 aliowahoji, 5 hawakuwahi kufungua faili lao. Hawana kosa lolote, kosa ni letu. Tulikuwa na haraka ya kumaliza hatua na tukapima kazi kwa idadi ya mafaili.

Nimewaita wenzangu jioni tumekubaliana: mafaili ya kijani yote yanaanza upya. Mfadhili tumemwandikia tukamweleza ukweli na tukaomba miezi miwili. Amekubali mwezi mmoja na nusu.

Wiki ya 22 hadi 26

Njia mpya. Kila mwenye msitu anapewa karatasi kubwa nyeupe na kalamu za rangi, anachora msitu wake mwenyewe, kijito, njia, sehemu ya miti mikubwa, sehemu ya mawe. Alafu maswali manne tu, kwa mdomo, anajibu na mtu wa nyumbani anayejua kuandika anaandika kwa maneno yake: Wapi hukati kamwe na kwa nini? Utakata wapi, lini, kiasi gani? Nani anakusaidia kazi? Ukiona nini utajua mambo yanaharibika?

Hilo swali la kwanza lina utajiri ambao sikuutegemea. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa na suala la eneo la uhifadhi, sababu FSC kwa jumla wanalenga angalau asilimia 10 ya eneo iwekwe kwa ajili ya viumbe na mazingira, nikawa nafikiria nitamwambiaje mtu mwenye hekta 2 aache kipande. Kumbe wengi walishaacha. Mmoja ana makaburi ya familia ndani ya msitu, hapakatwi. Mwingine ana chemchemi. Mzee wa swali la wiki ya 3 anaacha miti iliyokufa ikiwa imesimama, nilidhani ni uvivu wa kusafisha, kumbe bundi wanakaa kwenye mashimo yake na bundi wanakula panya wanaotafuna miche. Tulipojumlisha kikundi kizima tuko juu ya asilimia 10 bila kumwambia mtu yeyote aache kitu kipya.

Mpango sasa ni kurasa 2 na mchoro, pamoja na daftari dogo la rekodi. Ukikata, andika. Ukipanda, andika. Mtu akiumia, andika.

Wiki ya 28

Usalama kazini. Seti za vifaa vya kukatia miti kwa msumeno wa mnyororo zimefika: helmeti yenye wavu wa macho na vikinga masikio, buti, glovu, na zile suruali zenye nyuzi ndani zinazokaba mnyororo ukigusa mguu. Ni seti 4 za kuazimana. Tumegundua suruali zote ni saizi moja kubwa, kwa kijana mwembamba zinaburuta chini na hiyo ni hatari mpya, tumerudisha 2 zibadilishwe. Wakati wa mafunzo tumesisitiza umbali: mti unapoangushwa, asiyehusika akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Vijana walijibu kwamba msitu wao ni mdogo hauna nafasi hiyo. Basi asiyehusika atoke nje ya msitu.

Pia tumekuta pipa la dawa ya zamani lisilo na lebo kwenye banda moja. Halijulikani ni nini. Limetengwa, limefungiwa, tunatafuta pa kulipeleka kihalali.

Wiki ya 31

Leo tumezungumza pesa na wawili wamejitoa. Siwalaumu.

Waliuliza wazi, cheti kikija bei itapanda? Na mimi nimejiapiza kutodanganya hapa. Hamna kanuni yoyote inayomlazimisha mnunuzi kuongeza bei. Mara nyingine anaongeza, mara nyingine cheti kinakufungulia tu mlango ambao bila hicho usingefunguliwa, na kuna wakati hupati chochote zaidi ya msitu wenye rekodi nzuri. Kinachotusaidia zaidi nadhani ni kuuza pamoja, watu 28 wakileta mzigo wa lori zima wanasikilizwa tofauti na mmoja mwenye magogo sita.

Alafu likaja lile ambalo nilipaswa kuliangalia mwezi wa kwanza wa mradi. Mbao zinabaki "za cheti" pale tu ambapo kila anayezimiliki njiani, toka msituni hadi anayebandika lebo, naye ana cheti chake cha ufuatiliaji. Akikosekana mmoja katikati, mnyororo umekatika na mbao zinakuwa mbao za kawaida. Kiwanda cha kupasua mbao wanachouzia wengi wao miaka yote hakina hicho cheti na mwenyewe amesema hana mpango. Maana yake tungehangaika mwaka mzima cheti kikaishie getini kwake. Tumezungumza na yule mnunuzi wa mwanzo, yeye anacho, atachukua magogo moja kwa moja toka pembeni ya barabara, na risiti yetu itatakiwa iwe na namba ya cheti na tamko la mbao, yaani FSC 100%, maana yake zote zimetoka msitu wenye cheti. Nimemfundisha katibu wa kikundi kuandika hiyo risiti mara tano mpaka ikatoka bila kosa.

Wiki ya 36

Ukaguzi mkuu. Siku tatu.

Mkaguzi haendi kwa wote, anachagua baadhi mwenyewe na huwezi kumchagulia. Akaongea pia na majirani wasio wanachama na vijana wa kukata bila sisi kuwepo, ndivyo inavyotakiwa. Kwa mzee aliuliza mbona miti mikavu imesimama. Mzee hakunitazama. Akatoa daftari mfukoni, akafungua ukurasa wenye mchoro, akaweka kidole kwenye alama tatu alizochora za ndege, akaanza kueleza habari ya panya na miche. Mkaguzi aliandika muda mrefu.

Majibu: mapungufu madogo 4, tuna miezi 12 kuyarekebisha. Orodha ya wanachama haina tarehe za kujiunga, pipa bado liko bandani, na mawili ya ramani. Pungufu kubwa 1, na hilo lisipofungwa cheti hakitoki, tuna miezi 3.

Kubwa lenyewe ni hili. Kuna vijana wanne wanaokata kwa kuajiriwa, leo kwa huyu kesho kwa yule. Nani anahakikisha wamefundishwa na wana vifaa? Kila mwenye msitu alijibu kikundi. Sisi wa kikundi tulijibu mwenye msitu. Hamna karatasi inayosema. Wawili kati yao walikosa mafunzo ya wiki ya 28 na hakuna aliyejua. Mkaguzi yuko sahihi kabisa na nimelala vibaya, sababu hilo siyo suala la fomu, ni miguu ya vijana.

Wiki ya 39

Ukurasa mmoja umeandikwa na kusomwa kwenye mkutano: mafunzo na vifaa vya wakataji wa kuajiriwa ni jukumu la ofisi ya kikundi, mwenye msitu haruhusu msumeno kuwaka kabla hajaona kadi ya mafunzo. Ulipigiwa kura, mistari miwili ilibadilishwa na wanachama wenyewe. Vijana wote wanne wamefundishwa na mmoja wao amechaguliwa kusimamia vifaa. Ushahidi tumeutuma jana. Pipa nalo limechukuliwa.

Mama wa mteremkoni ameuliza kama anaweza kuuza sasa hivi ana shida ya ada. Nimemwambia uza mama, ila siyo kwa jina la cheti, mpaka kitoke. Ameamua atauza robo ya alichopanga na ameandika kwenye daftari miti mingapi na iko wapi.

Cheti kikitoka kitadumu miaka 5 na kila mwaka mkaguzi anarudi, kwaiyo bajeti ya mwaka wa pili naianza wiki ijayo. Mzee kapiga simu jioni, jirani yake mwenye hekta moja na nusu anataka kujiunga. Nikasema Jumatatu naenda na kamba kumpimia. Akasema kamba usibebe, fundo tumeshafunga, maduara matatu tumeshahesabu, wewe njoo uangalie kama tuliishika imelala.